Kulea Mimba Nayo Ni Kazi

Ipo methali ambayo nimeisikia tangu utotoni na sikuwahi kuihoji: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Shangazi zangu waliisema kila mtoto alipozaliwa, nasi tukaitikia kwa vichwa. Ina busara yake, sikatai. Mtoto akishatoka ndipo homa za usiku zinapoanza, na ada, na viatu vinavyobana kila baada ya miezi minne. Lakini mwezi uliopita nilimaliza riwaya moja ya Kimarekani inayobishana na methali hii ukurasa kwa ukurasa, bila mwandishi wake kujua kama kuna methali ya namna hiyo duniani. Tangu siku hiyo methali imenikaa vibaya.

Riwaya yenyewe ni Plainsong ya Kent Haruf, iliyotoka mwaka 1999. Haruf alizaliwa Colorado mwaka 1943 na kufariki mwaka 2014. Riwaya zake zote sita zimewekwa katika mji mdogo unaoitwa Holt, kwenye nyanda za mashariki mwa Colorado. Ukiutafuta kwenye ramani hutauona, ameubuni mwenyewe. Inasimuliwa, naye mwenyewe aliwahi kuandika hivyo, kwamba alikuwa akipiga taipu rasimu ya kwanza akiwa amevuta kofia ya sufu hadi machoni, asione anachoandika, ili asianze kukisahihisha kabla hakijaisha kutoka. Niliposoma hilo nilicheka. Nilipomaliza kitabu nikaona kofia ile imefanya kazi yake, maana sentensi zake hazijitazami kwenye kioo.

Kisa ninachotaka kukizungumzia ni kimoja kati ya vile vinavyosokotana humo ndani. Victoria Roubideaux ana miaka 17, anasoma sekondari, na ana mimba. Mama yake anapogundua, anamfungia mlango. Hakuna mkutano wa familia wala mjomba aliyeitwa kutoka mbali, ni mlango tu umefungwa kwa ndani na binti yuko nje. Anakwenda kwa mwalimu wake, Maggie Jones, naye anampokea. Lakini Maggie anaishi na baba yake mzee ambaye akili zimeanza kumtoka, na mzee anamwogopa mgeni huyu, anamgeukia kwa hasira. Binti hawezi kukaa pale. Basi Maggie anafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angemkataza. Anapanda gari, anakwenda kilomita kama 27 nje ya mji, anawaomba ndugu wawili wazee wafugaji wa ng'ombe wamchukue yule binti.

Ndugu hawa ni Harold na Raymond McPheron. Wazazi wao walifariki wao wakiwa vijana wadogo, wakabaki wawili na ng'ombe wao, wala hawakuoa. Nyumba yao ni ya watu ambao hawajatarajia mgeni kwa miaka mingi. Kuhusu wanawake hawajui lolote. Kuhusu mimba, hata hivyo, wanajua mengi sana, ila ni mimba za ng'ombe.

Hapo ndipo kitabu kinaponoga. Kabla Maggie hajafika na ombi lake, Haruf ametuonyesha wazee hawa kazini. Ni msimu wa kukagua ng'ombe. Ng'ombe anabanwa kwenye kizuizi, mzee anavaa glavu ndefu, anaingiza mkono, anasikiliza kwa vidole kama kuna ndama au hakuna. Ni kazi ya kinyesi na mateke, nayo imeandikwa kwa utulivu uleule ambao mwandishi mwingine angeuhifadhi kwa ajili ya sala. Mimi mwanzoni nilidhani ni mapambo ya mazingira, zile kurasa ambazo mwandishi anatuthibitishia kwamba ameishi kijijini kweli. Kumbe anatuandaa. Baadaye, binti akiwa ameshahamia, mmoja wa ndugu anamwambia mwenzake kwamba yule msichana na mtamba ni kama mambo yaleyale: wote wadogo, wote wamebeba kwa mara ya kwanza, wote wako huku porini hawana mtu wa kuwaangalia ila wao wawili. Mwenzake anamkemea, kwamba huwezi kusema hivyo, yule ni binti wa watu.

Hivi ndugu msomaji, wewe ungeiandikaje sehemu hiyo? Wengi wetu tungeifanya kichekesho, tuwacheke wazee washamba. Au tungeifanya tusi, tuonyeshe jinsi wanaume wanavyomwona mwanamke kama mnyama. Haruf hafanyi lolote kati ya hayo. Anatuachia tucheke, halafu anatuacha tuone kwamba huyu mzee amefungua sanduku pekee la maarifa alilonalo na kutoa humo kitu bora alichokuwa nacho. Kwake mtamba mwenye mimba ni kiumbe unayeamka usiku wa manane kwenye baridi kwenda kumtazama. Hana neno jingine la kusema kwamba anajali.

Kuna sehemu nyingine ambayo nimeisoma mara tatu. Binti amekaa wiki kadhaa, wazee hawazungumzi. Wanakula kimya, wanaosha vyombo kimya. Maggie anawaambia: binti anahitaji mtu wa kuzungumza naye, hawezi kuishi na mabubu. Basi jioni moja, baada ya chakula, wanajikaza. Wanamuuliza anaonaje soko. Soko gani? La mifugo na mazao, bei zile zinazotangazwa redioni. Binti hajui kitu. Lakini anaelewa kinachofanyika, anawauliza swali, nao wanamweleza jinsi bei zinavyokwenda, mmoja akimkatiza mwenzake, usiku unasonga. Hakuna aliyetaja mtoto. Hakuna aliyemwambia pole. Na mimi nilikuwa nimekaa na kitabu kwenye daladala, nimepitiliza kituo.

Haruf hatumii alama za kunukuu. Maneno ya watu yamechanganyika na maelezo, huoni mpaka. Wapo wasomaji wanaochukia jambo hili, na katika vitabu vingine hata mimi hunikera. Hapa linafaa. Katika nyumba ambayo watu hawajazoea kusema, neno likitoka linatoka kama kitendo kingine tu, sawa na kusukuma kiti au kuwasha taa.

Sasa nije kwenye lile ambalo najua msomaji wa kwetu amekuwa akilisubiri tangu aya ya nne. Wazee wawili, binti mmoja, nyumba iko porini. Hivi kweli? Nilimsimulia rafiki yangu kisa hiki, hata sijafika katikati akasema, "Hapo lazima kuna kitu." Siwezi kumlaumu. Tumesikia habari nyingi, na nyingi ni za kweli. Kitabu chenyewe kinajua kwamba swali hilo lipo, ndiyo maana ombi la Maggie linawashtua wazee wenyewe kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini hapa naona udhaifu. Haruf ameamua tangu mwanzo kwamba hawa ni watu wema, akaufunga mlango huo kabisa. Victoria hapewi hata usiku mmoja wa kulala akiwa ametega sikio. Binti aliyefukuzwa na mama yake mzazi, kisha akatishwa na mzee wa nyumba ya pili, aingie nyumba ya tatu yenye wanaume wawili asiowajua, na hofu yake iishe haraka namna ile? Wazee wamepewa mashaka yao yote, mazuri na ya kuchekesha. Yeye amepewa ukimya. Nadhani mwandishi aliwapenda wazee zaidi, na mapenzi hayo yamemgharimu binti.

Na mama yake. Sura za riwaya hii zimepewa majina ya watu, kila sura na mwenye nayo, lakini mama yule hana sura. Anabaki kuwa mlango uliofungwa. Ningependa kukaa upande wa pili wa mlango ule japo kwa kurasa mbili.

Panapookoa mambo ni katikati, binti anapoondoka. Yule kijana aliyempa mimba anajitokeza, anamchukua hadi Denver, naye anakwenda bila kuwaaga wazee. Wanamtafuta. Wanarudi nyumbani kwenye chumba kitupu chenye kitanda cha mtoto, kitanda ambacho walikwenda naye dukani kukinunua, wakachagua cha bei kubwa huku yeye akiwakataza. Anaporudi baada ya maisha ya Denver kumshinda, hawamfanyii karamu. Wanamwambia tu kwamba asiondoke tena hivyo bila kusema. Hapo ndipo nilipowaamini kabisa, kwa sababu wameumia, na wanasema wameumia. Wema usioumia mimi hunitia shaka.

Sasa ukitoka Holt ukaja kwenye kabati letu la vitabu, utaona kitu. Mimba isiyotarajiwa katika riwaya ya Kiswahili mara nyingi huja kama hukumu. Rosa wa Kezilahabi, katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, anatoa mimba, na mwisho anajiua. Kitabu kile kilipigwa marufuku shuleni, ingawa kilikuwa kinasema yaleyale yaliyokuwa yakitokea shuleni. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, Bi Tamima anashikwa na uchungu, mkunga Bi Farashuu anaingia ndani ya nyumba akiwa na dukuduku lake mwenyewe dhidi ya mwenye nyumba, Bwana Maksuudi, na matokeo ya usiku ule ni kipigo na talaka. Hizi ni riwaya kubwa, sizishushi hata kidogo. Zilikuwa zinatoboa jipu. Lakini katika zote mbili ile miezi yenyewe ya kusubiri haikai. Mimba ni tukio: inaingia, inaharibu, inapita. Nani alimchotea maji mwezi wa saba? Nani alimlegezea nguo?

Nauliza kuhusu nguo kwa sababu maalumu.

Mwaka 2006 dada yangu alikuwa kidato cha tatu, ana miaka 17 kama Victoria. Mimi nilikuwa na 13. Tulikaa mji mmoja mdogo mkoani Tanga. Mtu wa kwanza kujua ana mimba hakuwa mama wala mwalimu. Alikuwa fundi cherehani. Dada alimpelekea sketi ya shule aitanue kiunoni, na wiki tatu baadaye akampelekea ileile aitanue tena. Fundi hakuuliza. Alifumua, akashona, akaacha kitambaa cha akiba ndani ya pindo, maana alijua itarudi.

Baba alipojua, dada alitoka nyumbani na mfuko mmoja. Shule nayo ilimfuta, ndivyo ilivyokuwa. Alikwenda kukaa kwa fundi. Fundi alikuwa mzee aliyefiwa na mkewe siku nyingi, akiishi na mpwa wake aliyekuwa akitengeneza redio kwenye kibaraza kilekile. Walimpa chumba, wao wakahamia kulala sebuleni katikati ya vitambaa na redio zilizofumuliwa. Mji ulisema uliyotaka kusema. Mimi nilikuwa naruhusiwa kwenda Jumamosi, nikijifanya napeleka nguo kushonwa, na nilichokuta pale ni watu watatu wanaosikiliza mpira, maana redio zilikuwepo za kutosha. Mpwa alimfundisha dada majina ya wachezaji wote wa Simba. Yeye Yanga damu, lakini alisema mwenye mimba asibishiwe.

Fundi alimshonea nguo tatu. Hakuwahi kumpima kwa futi. Alikuwa akimtazama tu akipita mlangoni, kesho yake nguo imelegezwa. Karibu na siku zake alichukua lile boksi la mbao lililokuja na cherehani, akalipiga msasa, akalizungushia vitambaa ndani, likawa kitanda.

Dada aliposhikwa na uchungu, mpwa alikimbia kutafuta gari na fundi akaenda naye hospitali. Nyumbani habari zilifika asubuhi. Na hapo, kama mnavyoijua jamii yetu, mtoto amezaliwa, hasira zimekwisha. Mama alikwenda, shangazi wawili walikwenda, uji ulikwenda kwenye chupa. Nami nilikwenda. Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi la nje tangu usiku, na mkononi ana kifurushi kwenye gazeti. Muuguzi mmoja alitoka, akatutazama, akauliza yule mzee ni nani wa mgonjwa. Shangazi hawakumjibu. Muuguzi akanitazama mimi. Nikasema, "Ni fundi tu."

Alisikia. Alinipa kile kifurushi, akaondoka zake. Ndani mlikuwa na nguo za mtoto, sita.

Ukimsoma Shelagh Delaney, tamthilia yake A Taste of Honey ya mwaka 1958, utakuta jambo la namna hii. Jo ana mimba, mama yake amekwenda zake na mwanamume, anayemtunza ni Geof, kijana anayependa wanaume, ambaye hakuna anayemhesabu kuwa chochote. Anapika, anasafisha, anatayarisha nguo za mtoto. Halafu mama anarudi karibu na kujifungua na kumsukuma nje, naye anaondoka. Delaney alikuwa na miaka 19 tu, lakini alijua jinsi mambo yanavyokwenda: mlezi wa mimba hana hati. Ndugu wa damu wakirudi wanakuta kazi imefanyika, na wanaihesabu kuwa si kazi. Methali ile inawasaidia.

Kwa hiyo nilipokuwa naelekea mwisho wa Plainsong nilisoma kwa woga. Nilisubiri mama wa Victoria atokee na chupa ya uji. Nilisubiri mtu aulize wale wazee wawili, waliokaa hospitali wanasubiri, ni nani wa mgonjwa. Haruf hakuwaondoa. Mtoto wa kike anazaliwa, na nyumba anayopelekwa ni ile ya porini, kwenye kile kitanda cha bei kubwa. Kijana wa Denver anapokuja tena, wazee wanasimama mlangoni. Na sura ya mwisho ni watu wengi wamekusanyika kwao, sikukuu ya mwisho wa Mei, chakula kinaandaliwa, mtoto yupo, wao wapo. Wapo wahakiki watakaosema mwisho huo ni mtamu mno. Labda. Mimi ninaudai utamu huo kwa niaba ya mtu mwingine, kwa hiyo hukumu yangu hapa msiipe uzito sana.

Kama utakisoma, usikimbilie sura za binti ukaruka zile za mwalimu Guthrie na wanawe wawili. Wale watoto nao wanasubiri, ila wanasubiri mama ambaye yupo kitandani na mapazia yamefungwa, na kisa chao kinakifanya cha Victoria kisiwe hadithi ya bahati tu. Mwendelezo upo, Eventide, wa mwaka 2004. Jiandae, kuna kifo humo ambacho sitakitaja.

Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua wanaweza kurudi shuleni, nilimpigia dada simu. Mwanawe alikuwa na miaka 15, yuko kidato cha pili. Dada alicheka, akasema, "Wamechelewa kidogo, mwambie anayehusika." Yeye ni fundi sasa. Mtoto alipoanza kutembea alirudi kwa mzee yule akajifunza kazi, na alipofariki cherehani ikabaki kwake.

Wiki iliyopita nilimsimulia wazee wa McPheron kwenye simu, kuanzia ng'ombe hadi dukani. Alisikiliza huku nikisikia cherehani inakwenda, inasimama, inakwenda. Nilipofika kwenye kujifungua, ikasimama.

"Mtoto alipotoka hospitali," akauliza, "hao wazee walikuwepo?"

Nikamwambia walikuwepo. Kwao ndiko alikopelekwa.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema lile boksi analo bado, anawekea vitambaa vya mabaki, na kwamba nikija Desemba nimletee kitabu, atamwomba binti yake amtafsirie.